Laptopu mpya na unataka kuediti picha? Soma hii kabla hujaita fundi akuwekee Photoshop

Wakuu, kuna swali haliishi kwa vijana wanaoanza mambo ya picha: nimenunua laptopu, niweke programu gani ya kuediti? Jibu la mtaani mnalijua, peleka kwa fundi, mpe hela ya soda, unaondoka na Photoshop. Mimi nasema subiri kwanza. Photoshop ni kali, hilo sibishi, ipo toka 1990 na hakuna aliyeiondoa kwenye kiti. Ila kabla ya programu kuna mambo mawili, unafanya kazi gani na hiyo mashine yako inabeba nini, ukishayajibu hayo utashangaa programu inajichagua yenyewe, na mara nyingi siyo ile uliyokuwa unaiwaza.

Tuanze na kazi maana hapa ndo watu wengi wanaruka. Mwenye stesheneri anayepiga picha za pasipoti saizi, anakata, anabadilisha rangi ya nyuma, anaprinti nne kwenye karatasi moja, huyo hana shida yoyote ya programu ya kulipia kila mwezi. Dada anayeuza nguo Instagram anataka bidhaa ionekane, maandishi ya bei yakae vizuri, basi. Halafu kuna mpiga picha wa harusi na sendofu anayerudi nyumbani saa nane usiku na picha elfu moja kwenye kadi, na huyu wala shida yake siyo kuediti picha moja iwe kali, shida yake ni kuchagua na kusawazisha mamia ya picha kwa mkupuo mmoja halafu achukue chache azifanyie kazi ya mkono. Hawa watatu ukiwapa programu moja wawili watateseka.

Sasa mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda Performance halafu Memory, hapo utaona RAM yako, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, ni GB ngapi na kama kuna nafasi ya kuongeza. GB 4 sahau, utakaa unaangalia kiduara kinazunguka. GB 8 ndo pa kuanzia, 16 unafanya kazi huku unaimba. Na hii siyo mambo ya kujionyesha, piga hesabu mwenyewe: picha ya megapikseli 24 ni nukta milioni 24, kila nukta ina rangi tatu, na ukifanya kazi kwenye biti 16 kila rangi inakula baiti 2, kwa hiyo leya moja tu (tabaka moja la picha) ni kama MB 144 kwenye RAM, weka leya tano na brauza iko wazi na muziki unapiga, hesabu inakataa. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka, hilo halina mjadala, laptopu ya zamani yenye SSD inaweza kukupa raha kuliko mpya yenye hadidiski ya kuzunguka.

Na kama "mpya" yako ni mpya kwako tu lakini imeshakula miaka ofisini kwa watu Ulaya au Dubai (zetu nyingi ndo hizo, hakuna aibu), angalia namba ya prosesa. i5-8250U maana yake kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Kwa Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji hatakwambia, au atakwambia "hii inapiga tu Windows 11 bosi" kwa sababu kaiweka kwa njia za panya.

Skrini watu hawaiangalii kabisa wakati kwa mtu wa picha ndo jicho lenyewe. Ukiwa bado dukani fungua picha ya mtu kavaa suti nyeusi, halafu inamisha kioo mbele na nyuma taratibu. Kama suti inageuka kijivu, inarudi nyeusi, uso unabadilika rangi kila ukisogea, hiyo paneli ni ya aina ya TN na utakuwa unaediti kwa kubahatisha, picha kwako ni nzuri, ikifika kwenye simu ya mteja ni nyingine. Tafuta iliyoandikwa IPS, aina ambayo rangi hazigeuki ukisogea. Halafu hata IPS angalia maelezo, zile za asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wingi wa rangi) rangi zake zimepauka, nyekundu ya kitenge inakuja kama imefuliwa mara nyingi. Inayofika karibu na asilimia 100 ya sRGB, rangi za kawaida za mtandaoni, ndo yenyewe. Zima na ile Night light inayofanya skrini kuwa ya njano jioni, usije ukaediti harusi nzima ikawa ya bluu.

Haya programu sasa.

Kwa mtu wa stesheneri na mtu wa bidhaa naanza na Photopea. Huinstoli kitu, unaifungua kwenye brauza, inafanana na Photoshop mpaka menyu, inafungua faili za PSD, zile za Photoshop, na picha yako haipandishwi kwenye seva ya mtu, kazi inafanyika humo humo kwenye kompyuta yako. Inakuwekea matangazo pembeni, vumilia. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ukitaka itoke safi kwenye printa, tengeneza karatasi ya pikseli 413 kwa 531 kwa reso ya pikseli 300 kwa inchi, hiyo tu.

GIMP ni ya bure kabisa na ni ya muda mrefu, waliianza wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley miaka ya 90, na mpaka leo inatengenezwa na watu wa kujitolea. Faili la kuinstoli haligusi hata nusu GB kwa hiyo bando lako liko salama. Zamani ilikuwa na sifa ya ubishi, na kusema kweli ilistahili, ila toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limebadilisha mengi, filta ukiiweka inakaa juu ya leya, unaweza kurudi kesho ukaipunguza au ukaifuta bila kuharibu picha. Kwa anayeanza na hana hela hii ndo ningemwekea.

Affinity nayo imekuwa habari nyingine. Ilikuwa ya kununua mara moja, Canva wakainunua kampuni 2024, na mwisho wa Oktoba 2025 wakaiachia bure, unahitaji tu akaunti ya Canva, vitu vya AI ndo vya kulipia. Ni programu ya kazi nzito na inasoma RAW, faili ghafi za kamera ninazozieleza hapo chini. Kama mashine yako ina GB 16 ijaribu, tena kwa wanaotoka Photoshop inazoeleka haraka kuliko GIMP.

Mtu wa harusi yeye anahitaji kwanza programu ya kuendesha RAW. Kama hujui RAW ni nini, ni faili ghafi la kamera kabla kamera haijakuamulia. JPEG inakupa ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inakupa 16,384, ndo maana shela iliyoonekana imeungua kwenye JPEG unaweza kukuta urembo wake bado upo ndani ya RAW. darktable na RawTherapee ni za bure. Ukifungua darktable mara ya kwanza picha itaonekana imepooza ukilinganisha na ulivyoiona kwenye kamera, usikimbie, ni kawaida, kamera ilikuwa inakupikia na sasa unapika mwenyewe. Wenye Canon wanayo Digital Photo Professional na wenye Nikon wanayo NX Studio, zote bure kutoka kwa kampuni zenyewe, na rangi zake zinaanzia pale pale kamera ilipoishia, sijui kwa nini watu wanazidharau.

Lightroom na Photoshop za kulipia? Kama picha ndo zinalipa kodi yako, lipia, Lightroom kwa kuchambua picha mia nane na kunakili marekebisho ya picha moja kwenda nyingine ni ngumu kuipita. Lakini soma mkataba wa Adobe, wenye programu hizo. Ule mpango wa dola 9.99 kwa mwezi wenye GB 20 za kuhifadhi mtandaoni wameacha kuuuza kwa wateja wapya toka Januari 2025, sasa wa Lightroom na Photoshop pamoja ni dola 19.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani. Na kuna mpango unaitwa wa mwaka unaolipwa kila mwezi, watu wanadhani ni wa mwezi, wakitaka kujitoa katikati wanakutana na ada ya kuvunja mkataba. Serikali ya Marekani kupitia FTC, tume yake ya kulinda wateja, iliwashtaki Adobe Juni 2024 kwa mambo hayo hayo, kwamba hiyo ada imefichwa.

Na ya kuchakachua je? Najua ndo mnayosubiri. Sitawahubiria, nawaambia yanayotokea tu. Fundi akikuwekea, hatua yake ya kwanza ni kuzima antivirusi, "isije ikaifuta bosi", na hapo mlango uko wazi. Kuna familia ya virusi inaitwa STOP au Djvu, imesambaa dunia nzima kwa kupitia hizi kraki, inafunga mafaili yako yote na kukuachia barua ya kudai hela. Fikiria picha za harusi ya mtu ambazo hujamkabidhi. Kingine, nakala za zamani zinazozunguka kwenye fleshi haziwajui watoto wa juzi, Lightroom 6 kwa mfano sasisho lake la mwisho ni Desemba 2017, na Canon wakaleta RAW za aina mpya, CR3, mwaka 2018 na kamera ya M50, kwa hiyo unaweza kuwa na kamera nzuri na programu isiyoifungua picha hata moja. Ukikwama hapo Adobe wana kigeuzi cha bure cha kwenda DNG, aina yao ya RAW ambayo programu za zamani zinaifungua, kinakuvusha.

Umechagua. Kabla ya kuinstoli fanya hivi. Windows 11 ikiwa mpya inapenda kupeleka folda za Desktop, Documents na Pictures kwenda OneDrive bila kelele, ambako bure ni GB 5 tu, sasa wewe mwaga GB 30 za sendofu kwenye Pictures uone bando linavyoyeyuka halafu bado inakwambia nafasi imejaa. Bonyeza kile kiwingu chini kulia, ingia settings, zima hiyo bakapu ya folda, au tengeneza folda yako nje ya hapo, mfano C:\Picha. Ndani weka kwa mtindo wa mwaka, mwezi, kazi: 2026-01-sendofu-Tabata. Ukiandika mwaka mbele zinajipanga zenyewe. Na wifi ya hotspoti ya simu iweke kwenye metered, yaani mtandao wa bando la kupimwa, ili masasisho yasile GB zako usiku.

Kujifunza ndo panapotenganisha watu. Wengi wanafungua YouTube wanaangalia mtu anamweka simba juu ya ghorofa, wanafurahi, wanafunga. Usijifunze kwa picha ya Mzungu aliyepiga kwenye stidio yenye taa tano, chukua picha yako mwenyewe yenye tatizo. Na usishike vifaa vyote, kuna vitu vinne vinakula kazi karibu yote: kusawazisha weupe, mwanga kwa kutumia Curves, leya na maski yake (kifuniko cha kuficha au kuonyesha sehemu ya leya), na kufuta uchafu. Vingine utakutana navyo njiani.

Tuchukue picha ambayo kila mpiga picha wa huku anayo. Bi harusi mweusi, shela jeupe, ukumbi wa nusu giza. Kamera inataka kila kitu kiwe cha wastani, ikiona jeupe limejaa inapunguza mwanga, shela linatoka la kijivu na uso unazama. Wewe ukipandisha mwanga wa picha nzima uso unaonekana lakini shela linaungua, unabaki na karatasi jeupe lisilo na mikunjo wala shanga. Kwa hiyo uso na shela lazima vitenganishwe. Nitaelekeza kwa GIMP, kwenye Affinity na Photopea mantiki ni ile ile.

Fungua picha, kabla ya chochote nenda Colors halafu Levels, kuna kitone cha kuchagua kijivu cha kati, kigonge kwenye kitu unachojua ni cheupe au kijivu kweli na hakijaungua, kitambaa cha meza ni kizuri, au upande wa shela ulio kivulini. Ule unjano wa balbu au ukijani wa tyubulaiti utaondoka mbele ya macho yako. Kama MC aliwasha zile LED za zambarau usoni kwa bibi harusi, usipoteze usiku wako, hapo rangi nyingine hazipo kabisa kwenye picha, geuza nyeusi na nyeupe na mteja atakwambia hiyo ndo ameipenda.

Halafu bonyeza Shift, Ctrl na D, umepata nakala ya leya juu. Kwenye hiyo nakala fungua Curves, shika mstari katikati, sukuma juu taratibu huku unaangalia uso tu, shela liache liungue kwa sasa. Uso ukikaa, bonyeza OK. Sasa nenda Layer, Mask, Add Layer Mask, chagua Black, ule mwanga wote unapotea, usiogope, umefichwa nyuma ya maski. Chukua brashi kwa herufi P, iwe laini pembeni, opasiti, yaani uzito wa rangi, ishushe kwenye 25 hivi, rangi iwe nyeupe, halafu paka juu ya uso, shingo, mikono. Mwanga unarudi pale tu unapopaka. Opasiti ndogo ni ili upite mara kadhaa, mwanga uongezeke kidogo kidogo usionekane umebandikwa. Umezidisha mpaka umeingia kwenye shela? Bonyeza X rangi igeuke nyeusi, paka juu yake, kosa limefutika. Hakikisha umebofya maski na siyo picha yenyewe, ukiona unachora rangi nyeupe usoni kwa bibi harusi ujue ndo hapo.

Sasa niseme jambo. Usimgeuze mtu rangi. Ngozi nyeusi haihitaji kuwa nyeupe ndo ionekane, inahitaji ule mng'ao wa kwenye paji la uso, shavu na mfupa wa shingo ubaki, na vivuli viwe na kina. Ukisukuma Curves sana uso unapauka kama umepakwa majivu, ukifika hapo umeshapita, rudi. Mimi kipimo changu ni mikono, nikiona uso na mkono ni watu wawili tofauti napunguza. Kuna studio zinamtoa bi harusi mweupe pee halafu mama yake pembeni yuko wa kawaida, picha ya familia inakuwa kichekesho cha ukoo mzima.

Mwisho uchafu. Herufi H ni ya Heal, shika Ctrl ugonge sehemu safi ya ngozi iliyo karibu, halafu gonga chunusi. Fanya kwenye leya mpya iliyojumuisha vyote ulivyofanya (Layer, New from Visible), siyo kwenye picha mama. Chunusi toa, doa la kuzaliwa acha, huyo ni yeye. Chupa za maji kwenye meza kuu na soketi ya ukutani tumia Clone, herufi C, kwa mtindo huo huo. Ukiweza kufanya haya kwenye picha yako bila kuangalia maelekezo, hiyo programu umeijua kwa kiwango cha kupokea hela ya mtu, na ukihamia nyingine utakuwa unatafuta tu kitufe kimekaa wapi.

Kuhifadhi kuna mtego. Ctrl na S kwenye GIMP inahifadhi XCF, faili la kazi lenye leya zako zote, hilo ni lako usimtumie mteja, hataweza kulifungua atakupigia simu usiku. La mteja ni Shift, Ctrl na E, unatoa JPEG, ubora 90 inatosha sana, rangi iwe sRGB. Kwa kuprinti inchi 4 kwa 6 unahitaji pikseli 1200 kwa 1800, ukiwa na zaidi ya hapo acha kama ilivyo, ila printi moja ya majaribio pale maabara kabla hujaagiza albamu nzima maana mashine zao kila moja ina tabia yake. Kama ulitumia darktable, kuna vifaili vidogo vya XMP pembeni ya kila RAW, humo ndo marekebisho yako yamo, ukihamisha picha kwenda diski ya nje hamisha navyo.

Na WhatsApp, tuma kama document, siyo kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, shanga zote za shela ulizozihangaikia zinageuka ukungu, halafu mteja anakuuliza mbona kamera yako haina nguvu.